Maelezo Mengine

Umande haujakauka nilipofika kwa Kashindye
na utepe wa kupimia niliouazima kwa fundi cherehani,
daftari, na fomu tatu za halmashauri.
Ng'ombe alilala kando ya zizi,
tumbo wazi, nzi wameshawahi.

Vijana walikwishaleta dawa ya tumbaku,
ile ya kuulia viwavi, chupa nzima,
mdomo wake umezibwa kwa gunzi.
"Tunapaka nyama, arudi ale.
Simba ni simba, Mihayo. Wewe pima tu."

Nikapima.
Unyayo sentimita kumi, kucha zimechora udongo.
Simba huficha kucha
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Huyu hakuvua.
"Fisi," nikasema.
Wakacheka, kisha wakanyamaza,
maana usiku kucha walikuwa wamemuua simba kwa maneno.

Daftari langu lina misimu minne.
Vifo thelathini na kimoja toka hapa mpaka mto Ugalla;
ishirini na sita, zizi lilikuwa la matawi,
mlango gogo moja.
Hesabu hii haihitaji chuo.
Niliisoma Sikonge mbele ya bwana mipango,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.
Mwaka huu tumepata waya wa mazizi kumi na mawili.
Kijiji kina kaya mia tatu na kitu.

Na dawa ya tumbaku haichagui.
Kwa Milembe ililaza tai tisa
na mbwa wake wawili waliokuwa wakilinda mbuzi.
Fisi tukamsikia usiku uleule,
anacheka ng'ambo ya mashamba.

Kashindye hakuuliza la fisi wala la simba.
Alishika fomu kwa vidole vyenye damu kavu,
akauliza kifuta jasho kitakuja lini.
Nikamwambia kweli: jasho litatangulia kukauka.
Akafuata safu kwa ukucha:
aina, jinsia, umri, thamani.
"Jina unaliandika wapi?"

Jina halina safu.
Nikashuka mpaka chini, kwenye maelezo mengine,
nikaandika: Mabala. Alikuwa na mimba ya miezi saba.
Kashindye akatia dole gumba.

Nilipoinuka kukunja utepe
vijana walikuwa wawili, si watatu,
na pale chupa iliposimama
palibaki duara la unyevu kwenye vumbi,
na gunzi.