Visigino

Theluji iliahidiwa saa sita. Sasa saa nane usiku,
haijafika.
Malori ya chumvi yamejipanga uani, taa zimezimwa,
nasi tumebanana chumba cha zamu hapa Lackawanna,
kahawa inaungua birikani tangu jioni
na hakuna anayeona ni zamu yake kuimwaga.

Broadnax ndiye aliyeanza, kama ada yake.
Akagonga meza kwa kijiko:
"Mkimbiza mpira bora kupita wote,
tangu mchezo huu uanze kulipa mishahara,
ni Otha Pruitt. Kesi imefungwa."

Kesi haikufungwa.

Ghalib, ambaye babu yake alitoka Yemeni
kuja kuyeyusha chuma, enzi chuma kilipoyeyushwa hapa,
alicheka hadi akashika mbavu.
"Pruitt? Pruitt alikimbia kama mtu anayedaiwa kodi!
Lasker ndiye. Lasker alikuwa maji.
Unafumba ngumi, keshachuruzika vidoleni."

"Maji hayavunji ukuta."

"Waulize watu wa Johnstown."

Hapo tarakimu zikaanza kutupwa mezani kama karata:
yadi elfu kumi na mbili, yadi elfu kumi na moja na ushei,
lakini Pruitt michezo yake ilikuwa michache kwa mwaka,
lakini Lasker hakuwa na mrushaji wa maana,
lakini zamani ardhi iligandа kama sahani
na leo watoto hawa wanachezea zulia,
lakini, lakini.

Verlene, dirishani pa redio, hakuvua hata visikizio.
"Tibbs," akasema.
"Tibbs! Misimu mitatu tu, kisha goti!"
"Kwani radi hupiga kwa saa ngapi?"

Tukanyamaza kidogo. Mtu akatafuna biskuti.

Ndipo Ghalib akakumbuka pembe ya chumba,
alikokaa Nowicki akishona glavu yake kwa uzi wa kuvulia,
Nowicki wa mstari wa mbele, namba sitini na sita,
miaka minne alimfungulia Lasker njia
na miaka ishirini na mitano hakuna aliyemuuliza.
"Mzee, wewe ulikuwa naye. Sema. Alikimbiaje?"

Nowicki akakata uzi kwa meno.
"Sijui. Sikumwona."

"Hukumwona?"

"Mpira ukianza mimi niko chini,
mdomo umejaa matope, kilo mia na thelathini mgongoni.
Nasikia visigino vikipita karibu na sikio. Kisha pumzi.
Kisha nangoja uwanja uniambie.
Ukiguna, yadi mbili.
Ukilipuka, basi nalala palepale, napumzika."

"Na filamu za Jumatatu?"

"Nilitazama mguu wangu wa kushoto,
kama ulitangulia au ulichelewa. Kocha alitazama huohuo."

Akavaa glavu, akaijaribu, akaivua.

"Mara moja, Disemba moja, niliangushwa chali.
Mbingu nyeupe. Akaruka juu yangu.
Nikaona nyayo zake. Njumu ya kulia
ilikuwa imeng'oka meno mawili.
Baadaye bafuni nikamwambia.
Akasema anajua, tangu robo ya kwanza.
Hakutaka kusumbua mtu wa viatu."

Birika likachemka peke yake.

"Mmeona?" Ghalib akaruka. "Bila meno mawili!"
"Hiyo inathibitisha ubahili wa timu, si kingine,"
akajibu Broadnax, na kijiko kikarudi mezani,
lakini Verlene ameinua mkono:
imeanza Hamburg, inakuja na upepo wa ziwani, nene,
barabara ya tano haionekani tena.

Tukatafuta makoti.
Nowicki alitangulia, maana lori lake ndilo lenye sepetu pana.
Sisi nyuma yake, tukimwaga chumvi,
na redioni, katikati ya mkwaruzo,
sauti ya Broadnax ilisikika vizuri sana:
"Pruitt."