Arobaini

Lagat, weka spana chini unisikilize.
Unasema lile la umeme lililopita Njoro jana
halikutoa hata kikohozi,
na lingeliacha langu kabla sijameza mate.
Sawa. Sibishi.
Mwendo mtupu hata risasi inao,
na hakuna aliyewahi kuiosha risasi Jumapili.

Mimi ni mpiga rangi. Miaka ishirini na sita
nyuma ya kinu cha unga
nafunika kutu za watu kwa puti na msasa.
Rangi ni uongo wenye adabu, naujua.
Basi siku ile Harshad aliponiita Milimani,
akavuta turubai taratibu kama anayemfunua mgonjwa,
niliutafuta uongo nikaukosa.
Jekundu. Lakini rangi nyembamba hivi,
unaziona nyuzi zilizofumwa chini yake
kama mishipa kwenye mkono wa nyanya.
Waliogopa uzito wa rangi, Lagat!
Wa rangi!

Ndani hakuna zulia, hakuna redio,
hakuna pa kuweka chupa ya soda.
Gundi imeachwa pale pale ilipokaukia.
Na ukitaka kutoka, unavuta kamba.
Kamba! Kama ya ile Datsun ya marehemu mjomba,
kishikio kilipokatika tukienda matanga Molo.
Nilicheka mpaka mzee akaudhika.
Bei yake ingenunua Kivumbini nzima,
na mlango ni kamba.

Tulilitoa alfajiri moja.
Mikono ya Harshad, miaka sabini na mitatu,
ilitetemeka mpaka Lanet, kisha ikatulia.
Usukani hausaidiwi, breki hazisaidiwi.
Unakanyaga, kimya.
Unahesabu moja, mbili, unadhani limekataa,
halafu linakulipa deni lote kwa mpigo,
mgongo unagandama kitini,
na Mbaruk
ishapita.
Wengine huuliza kama niliwaona heroe kule ziwani.
Heroe gani? Nilikuwa namwomba Mungu.

Linaitwa Efu Arobaini,
kiwanda kilipotimiza miaka yake.
Arobaini hata sisi twaijua:
ya mtoto kutolewa nje,
ya maiti kusomewa,
ya mwizi kushikwa.
Ya Harshad ilipokwisha, mwanawe akaleta kontena.

Ila nisikufiche. Wiki moja kabla,
kamba ya upande wa dereva ilikatika mkononi mwangu.
Vipuri? Italia, miezi minne.
Nikavuka barabara hadi dukani kwa Nyakundi,
nikanunua ya nailoni, shilingi ishirini,
nikaifunga fundo lile la kufungia ndama.
Mzee akaivuta mara tatu. Akanyamaza.
Akasema, iache.

Kwa hiyo hilo la umeme, lisifu utakavyo.
Langu liko ng'ambo, sijui nchi gani,
na kila likisimama, tajiri mmoja
anashika kamba ya Nyakundi
ndipo atoke.