Kiduara cha Kijivu

Mara ya tatu tunafika ukurasa uleule.
"Futa vyote" inang'aa, tayari kubofywa.
"Bakiza mafaili" imefifia, kijivu
kama mbingu ya Dundee tangu Novemba.

Nimechomoa printa. Nimechomoa kipanya.
Nimezima kinga ya virusi, nimefuta michezo ya Hilal,
nimebana diski kama mtu
anayefunga sanduku la safari kwa goti.
Chini, Bi Morag anagonga dari kwa mpini wa ufagio:
saa nane usiku, na mimi bado naranda.

Kompyuta ni ya dada Shemsa, yuko zamu hospitali.
Ndani mna sauti ya mama, dakika kumi na moja,
akieleza mkate wa kumimina,
anasahau hamira, anajicheka, anaanza upya.
Nakala? "Nitaweka wikiendi," alisema. Wikiendi ya mwaka gani.

Ndipo nikaziona herufi za pembeni, ndogo kama sisimizi:
nimepakua Kiingereza cha Marekani;
mashine ilisimikwa kwa cha Uingereza.
Kumbe! Lugha moja, tahajia mbili,
na haikubali kuponywa
ila kwa maneno iliyoanzia nayo.
Sikucheka. Mimi mwenyewe nikiumwa jino
hulia Kipemba.

Nimepakua upya hadi alfajiri. Kiduara kimekubali.
Kumi na mbili. Thelathini. Sitini na nne,
imesimama.
Taa ya diski inapepesa, haipepesi, inapepesa.
Mlangoni, ufunguo wa Shemsa
unatafuta tundu.