Kisanduku chenye Sifuri

Orodha ilinifikia Jumatatu, kurasa mbili,
kwa wino wa kijani wa Daktari Iribarne:
Linganisha bei. Jibu kabla ya Alhamisi adhuhuri.

Mimi ni mhasibu. Jeraha hunijia likiwa namba:
sentimita za mraba mia moja na arobaini,
mkono wa kushoto, upande wa nje,
mkanda wa mashine ya kupasua mbao, nje kidogo ya Temuco.
Kano mbili zinaonekana.
Hapo daktari alipiga mstari, karatasi ikatoboka.

Nikafungua jedwali.

Ngozi ya samaki wa bahari baridi,
imekaushwa, magamba yametolewa, alama zake zimebaki:
peso elfu tisa kwa sentimita.

Utando wa kano za ng'ombe, silikoni juu yake
kama kifuniko cha mtindi:
elfu thelathini na nane.

Seli hai, zimekuzwa maabara ng'ambo,
husafiri katika barafu na kufa siku ya tano
zikicheleweshwa forodhani:
elfu sitini na moja. Barafu inalipiwa kando.

Mstari wa mwisho, ngozi ya paja lake mwenyewe.
Bei: sifuri.

Ningefunga hesabu hapo, nikanywe kahawa.
Lakini ngozi nyembamba haishiki juu ya kano tupu.
Iribarne aliniambia kwa simu, huku akitafuna kitu,
kwamba ni kama kupanda nyasi juu ya kioo.
Kwanza kitanda, ndipo nyasi.

Basi nikaongeza safu:
saa za chumba cha upasuaji,
chachi, muuguzi, usiku wa wodini,
nauli ya basi kutoka Carahue, kwenda na kurudi,
ya mke ambaye hakuna fomu inayomtaja
na ambaye kibanda chake cha mayai kimefungwa tangu Agosti.
Samaki, akibandikwa mara tatu, akapanda.
Ng'ombe akashuka.
Wakakutana karibu na milioni sita,
wakatazamana kama wageni waliopewa sinia moja.

Alhamisi asubuhi nikapanda ghorofa ya tatu.
Sijui kwa nini. Hesabu hazihitaji kuonana na mtu.

Eladio Huenchuleo alikuwa ameketi, mkono umetundikwa.
Wiki iliyopita walishafunika sehemu ya juu,
pasipo na kano, kwa ngozi ya paja.
Nikamuuliza mkono unaendeleaje.
"Mkono umenyamaza," akasema. "Tatizo ni hili."
Akainua shuka kidogo:
mstatili mwekundu, kingo zimenyooka,
umbo lilelile la kisanduku cha jedwali langu,
na chachi ya manjano imeganda juu yake.
"Hapa ndipo panapowaka usiku.
Mahali ambapo mashine haikunigusa."

Sikuwahi kuiona sifuri ikiwa na unyevu.

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema.
Sawa. Lakini hawakusema
pengo linalochimbwa ili kuziba pengo
linaandikwa safu ipi.

"Ya kwangu mmeinunua bei gani?" akauliza.
Nikamwambia ukweli.
Akacheka mpaka kamba ya mkono ikatikisika,
muuguzi akageuka.
"Basi angalau nirudishieni chenji."

Nilishuka kwa ngazi.
Nikapendekeza ng'ombe, nikaeleza kwa nini, mistari minne.
Kisha nikaifuta ile sifuri.
Fomu haipokei kisanduku kitupu; ikawaka nyekundu.
Nikaandika: usiku kumi na nne.
Ikakataa. Namba tu.
Nikaandika 14.

Ikakubali bila neno,
ikaijumlisha pamoja na nauli na silikoni,
na gharama ya mkono wa Eladio
ikaongezeka kwa peso kumi na nne
ambazo Iribarne, aliye makini,
atapiga simu kuuliza zimetoka wapi.