Alama ya Kidole Gumba

Walisema amenona.
Majirani wa Kisauni, mlangoni, asubuhi:
"Mashavu hayo, Nyevu, unakula na nani?"
Nami nikacheka, baba wa mtoto mnene,
nikaenda zangu Kongowea kubeba magunia.

Nabeba kabichi, nabeba maharage ya watu,
vitunguu vya Taveta, viazi vya bara;
mgongo wangu unaijua bei ya kila kitu.
Nyumbani jioni ni sima na maji ya mchuzi,
siku njema sima na mchicha,
na uji mweupe wa Nyevu, mwepesi
hata chini ya sufuria unajiona uso.
Tumbo lilijaa. Tukadhani amekula.

Kisha nywele zikageuka, rangi ya kutu ya mabati.
Ngozi ya miguu ikabambuka
kama chokaa ya ukuta ulioliwa na chumvi.
Na kimya. Mtoto wa miaka miwili
aliyekuwa akimlilia paka wa jirani,
halii.

Mama yangu akalitaja neno: chirwa.
Eti nimetoka nje ya ndoa
na uchafu wangu umemruka mtoto.
Umazi hakuniangalia usiku kucha.
Na mimi, nisiyekwenda popote ila sokoni,
nusura nikiri.
Maana kosa lina mganga, lina kuku na fidia;
kibarua cha mia tatu hakina kafara.

Makadara, Sista Mwanasiti
alibonyeza kidole gumba juu ya mguu wake,
akahesabu, akakiondoa.
Shimo likabaki.
"Hukuona mafuta," alisema, "uliona maji.
Huu ni unyafuzi. Yule wa kitanda cha dirishani,
mifupa mitupu, uso wa mzee, ana nyongea.
Njaa ni moja, nguo zake mbili."

Nilikuja na mayai sita ya kukopa
na samaki wa kukaanga. Akaviweka kando.
Maziwa kidogo, ya kupimwa, kila baada ya saa tatu:
saa sita usiku, saa tisa, alfajiri,
na dawa, na blanketi hata katika joto hili,
kwa sababu moyo mdogo uliozoea kidogo
ukimiminiwa kingi huweza kusimama.
Mimi, mbeba magunia,
nikajifunza uzito wa kijiko.

Siku ya nne mizani ikashuka.
Karibu kilo nzima! Nikamshika Sista mkono,
nikamwambia mwanangu anayeyuka.
Akatabasamu, ule ujeuri wa anayejua:
"Mwache ayeyuke. Yanayotoka ni maji."
Na chini ya maji alikuwepo Nyevu,
mwembamba kama ufito,
ndiye hasa, niliyekuwa sijamwona kwa miezi.

Siku ya tisa akapewa njugu za kusagwa, tamu, za pakiti.
Akalamba. Akalamba tena.
Nilipotaka kumfuta mdomo akanisukuma,
akalia, kwa hasira, wodi nzima ikageuka.
Sista akaandika kwenye faili: analia vizuri.
Umazi alicheka hadi akaziba uso kwa leso.

Nimerudi sokoni. Nimeuliza bei ya kunde, ya ndengu, ya dagaa.
Ni zile zile. Mfuko ni ule ule.
Nimeacha kuvuta sigara, nanunua dagaa wa kibaba.
Na kila jioni, kabla sijavua viatu,
naushika mguu wa mtoto,
nabonyeza,
nahesabu,
naondoa kidole,
natazama.