Benchi la Choki

Mimi ndiye niliyepinga. Andikeni hivyo.
Jina langu Avtandili, nyumba ya saba, ghorofa ya pili,
mwenye Opeli ya kijivu iliyolala ukutani
miaka kumi na mitatu, matairi mawili barabarani,
mawili pale wapitapo wenye miguu.
Hapa Kutaisi mtu na gari lake ni mtu na kivuli chake,
na nani amwambie mtu akaache kivuli mbali?

Tekla wa manispaa alikuja mwezi Machi.
Hakuleta karatasi. Aliinama akachora barabarani,
magoti meupe kwa choki:
hapa mti, hapa bomba la maji,
hapa ukingo ushuke, ulingane na lami,
hapa mstari wa vigae vyenye vipele
ili fimbo ya Vazha isome njia.
Alipofika kwenye gari langu hakuniomba nilisogeze.
Alilala kifudifudi, akapenyeza mkono uvunguni,
akachora benchi.

Nikacheka dirishani.

Usiku ikanyesha mvua ya kwetu, isiyojua kupiga hodi.
Asubuhi mti umefutika, bomba limefutika,
Vazha hana njia.
Nikawasha gari nikanunue mkate,
nikatupa jicho kwenye kioo cha nyuma:
benchi lipo.
Kavu, jeupe, na miguu yake minne,
limelindwa na mimi niliyelikataa.

Nikazima injini. Ndipo nikauona na ubao,
ubao wa Tsiala wa chini, uliotegwa mlangoni
kwa ajili ya magurudumu ya kiti chake,
na ncha yake inakomea pale pale
bampa langu lilipozoea kulala.
Miaka kumi na mitatu nilimsalimu kupitia dirishani
nikidhani anapenda kukaa ndani.

Sitawadanganya kwamba tuligeuka malaika.
Mafundi walichelewa hadi Septemba,
vumbi likala nguo kambani,
mtu akaiba miche miwili ya waridi (namjua).
Nunu wa duka aliapa kufunga; sasa anauza aiskrimu.
Watoto wa Kiyazidi na wa kwetu
wanagombania mpira mmoja kwa lugha mbili
na tusi moja.
Forosadi zikianguka, vigae vya Vazha hugeuka zambarau,
naye husema anazisikia kwa fimbo,
laini, kama kukanyaga neno usilotaka kulisema.

Gari naliacha mbali, karibu na daraja.
Goti hunisuta kila hatua, nami hulijibu kwa sauti,
watu wananitazama.
Jana nilifika benchini pumzi zimeniishia.
Tsiala alikuwapo, mto mgongoni,
mbegu za alizeti mapajani, maganda kila mahali.
Akakisogeza kiti chake nusu hatua,
kama mtu anayepisha.

"Keti, Avto," akasema.
"Hapa palikuwa na gari la mtu fulani."