Boya

Petroli ilikuwa ikidondoka usiku,
tone, tone, kwenye sinia nililolitega chini ya injini.
Asubuhi chumba kizima, Keko Magurumbasi, kinanuka kama sheli.

Ni Yamaha ya mjomba Mwarami, msoma mita za maji,
mashine ya mwaka sabini na tisa.
Imesimama kwenye kila geti la Temeke,
imefukuzwa na mbwa wa Chang'ombe, vizazi vitatu.
Aliniachia pamoja na kadi iliyochanika
na neno moja: usiiuze kwa kilo.

Fundi Kizenga alifungua kabureta,
akalitikisa boya karibu na sikio langu: chwa, chwa.
"Limekunywa. Boya kazi yake kuelea,
hili linazama kama mshahara wa Januari."

Nikashuka Gerezani.
Duka la kwanza, hakuna. La pili, chukua la Boxer ukalipige msasa.
La tatu, kijana hakuinua macho kwenye simu:
"Mzee, hiyo ni pikipiki au kumbukumbu?"

Basi saa sita ikishapita, kwa bando la usiku,
nikaingia soko lisilo na mtaa.
Jamani! Maboya ya dunia nzima yamepangwa,
ya plastiki, ya shaba,
ya mashine zilizokufa kabla sijaota ndevu,
na chini ya kila moja maneno yaleyale ya mganga:
linafaa modeli zote.

Mmoja tu hakujitapa, muuzaji wa Chiang Mai.
Alilipiga picha boya lake juu ya karatasi ya miraba,
rula pembeni,
na kidole gumba chenye grisi kimeingia kwa bahati mbaya.
Kidole kile ndicho nilichokiamini.
Akaniuliza namba ya chesisi. Nikang'ata tochi,
nikasugua kutu kwa mswaki mkuukuu
mpaka tarakimu zikachungulia.
Ya nne ilikuwa tatu, au nane.
Nikaandika nane.

Bei ya boya, bia mbili. Nauli yake, kreti.

Wiki saba.
Limeondoka. Limefika. Limeondoka tena.
Niliota linanipita angani, limekaa kiti cha dirishani.
Posta, dada wa kaunta alisoma karatasi, akanitazama.
"Umeagiza nini?"
"Boya."
Foleni ilicheka kabla yake.
Nikalipa ushuru nami nacheka,
ingawa ushuru hauna utani.

Kizenga alilipima.
Limezidi milimita mbili.

Ilikuwa tatu.

Hakusema kitu. Akabandika sufuria,
akalizamisha boya la zamani kwenye maji ya moto.
Viputo vikapanda, mstari mmoja mwembamba,
kutoka tundu lisilopitisha hata sindano.
Akalianika juani siku mbili,
kisha tone la lehemu, dogo kuliko punje ya mtama.

"Muda wote ulikuwa unajua?"
"Uliniuliza linauzwa wapi," alisema, akifuta mikono.
"Hukuniuliza linazibwaje."

Usipoziba ufa, bwana,
utaagiza ukuta kwa posta.

Sasa Yamaha inalala kavu.
Lile la Chiang Mai nimeliweka juu ya daftari la hesabu la Tunu,
rula pembeni, nikapiga picha.
Kidole gumba changu kimeingia. Nimekiacha.
Chini nikaandika: jipya.
Sijui linafaa mashine gani. Yangu lililikataa.

Jana saa saba usiku simu ikatetemeka.
Mtu wa Nachingwea:
boya bado lipo?

Nikaandika, nipo.
Nikafuta. Nikaandika, lipo.
Nitumie namba ya chesisi, ndugu yangu,
ila tafuta mswaki kwanza,
na ile ya nne
iangalie mchana.